Kumhudumia Ndugu Bila Kumwinamisha: Mwongozo kwa Jumuiya za Ufipa

Jumuiya nyingi za Sumbawanga na vijiji vya Ufipa zina utaratibu unaofanana. Sala, somo, tafakari, nia za maombi, kisha mwenyekiti anauliza: "Tuna mgonjwa yeyote?" Anatajwa bibi anayeishi nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli. Mguu umevimba, na Jumapili ya tatu sasa hajaonekana kanisani. Watu wanaguna kwa huruma, kikapu kinapitishwa, na mwishoni mwa juma watu kumi na watano wanajazana kwenye chumba chenye viti vitatu. Wanasali, wanaimba, wanamkabidhi bahasha huku mmoja akipiga picha, kisha wanaaga. Bibi anabaki na bahasha mkononi, dumu la maji likiwa tupu na kuni zikiwa zimeloa nje.

Hakuna aliyekwenda pale kwa nia mbaya. Moyo upo, na sadaka imetoka kwa watu ambao wenyewe wanahesabu senti. Kinachopungua ni ufundi. Kuhudumia ni kazi: ina vifaa vyake, ina msimu wake, ina ya kutangulia na ya kutoguswa kabisa. Mwongozo huu ni wa mwanajumuiya wa kawaida, awe Mkatoliki, Mmoravian, Mlutheri au Msabato, wa mjini Sumbawanga au wa Laela, Matai na Namanyere. Kipimo chake ni kimoja: anayehudumia ndiye anayeinama, anayehudumiwa abaki na kichwa juu. Ukiona mambo yamegeuka, simama urekebishe.

Mfano tulio nao

Mjini Sumbawanga kuna hospitali ya Kanisa inayoitwa kwa jina la Dk. Atiman, na wengi tunaopita getini hatumjui mwenye jina. Adrien Atiman alizaliwa miaka ya 1860 upande wa Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, na huko akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na mpango wa kuwasomesha vijana wa namna hiyo utabibu kisiwani Malta, kisha kuwapeleka misheni wakiwa matabibu na makatekista kwa pamoja. Atiman alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, miaka minne tangu mapadri wakabidhiwe ngome ya Wabelgiji na kuifanya misheni. Akatibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67, kuanzia enzi ya misafara ya watumwa, Wajerumani wakaja wakaondoka, Waingereza wakashika nchi, hadi chama cha TANU kilipokuwa tayari kimezaliwa.

Mtu aliyewahi kuuzwa angeweza kusema kwamba sasa ni zamu yake kutumikiwa, na nani angemlaumu? Lakini kwa jumuiya yenye kazi ya kufanya, somo la maisha yake ni la kawaida kabisa. Kwanza alijifunza kazi kabla ya kuifanya. Hakuja na huruma peke yake. Pili, alikaa. Mgonjwa aliyemwona Jumatatu alijua Jumatano atamwona tena. Mwanajumuiya anayejua kumgeuza mgonjwa kitandani na anayefika kila Alhamisi bila kukosa anamfuata Atiman kwa karibu kuliko msafara wa watu kumi na watano unaofika mara moja.

Kwanza, daftari

Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inasimulia mgogoro wa mgawo wa chakula katika Kanisa la Yerusalemu. Wajane wa waumini waliozungumza Kigiriki walikuwa wakisahauliwa kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakulimaliza jambo hilo kwa mahubiri juu ya upendo. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawakabidhi kazi. Upendo ulikuwepo tangu mwanzo, ila haukuwa na msimamizi.

Nanyi chagueni wasimamizi wawili, mwanamke na mwanamume, wanaojulikana kwa kufunga midomo. Wawe na daftari la kawaida la shule, lililogawanywa safu tano: jina, anachohitaji, siku, anayekwenda, na alama ya kwamba kazi imefanyika. Daftari hilo halisomwi kwa sauti kwenye ibada wala halizungushwi mkono kwa mkono. Wasimamizi ndio wanaomwambia kila mtu zamu yake.

Kisha lipekueni mkijiuliza swali la Yerusalemu: nani hayumo kwa sababu hana wa kumsemea? Mwenyeji ana ukoo, ana shangazi, ana binamu kwenye kamati ya parokia. Mama Msukuma aliyehamia bonde la Ziwa Rukwa na mifugo ya mumewe, kisha mume akafariki, hana. Mpangaji wa chumba kimoja mjini hana. Mwalimu aliyehamishiwa kutoka mkoa wa mbali, anayejifungua bila mama wala dada karibu, hana. Kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu na ambaye hajaonekana jumuiyani tangu Kipaimara hana pia. Daftari likiwa na majina ya wenyeji watupu, bado halijakamilika.

Uliza kabla ya kubeba

Ukimwuliza mzee wa Kifipa, "Unahitaji nini?" atakujibu, "Tunashukuru, tupo tu, mtuombee." Hilo ni jibu la adabu. Hawezi kumtajia mgeni njaa yake mlangoni. Kwa hiyo usimwulize mahitaji, mwulize siku yake ilivyo:

- Jana maji alikuchotea nani?
- Usiku ukitaka kwenda nje, unatokaje?
- Kliniki nyingine ni tarehe ngapi, na utakwenda na nani?
- Jana jioni mlipika nini?
- Mahindi ya mwaka jana bado yapo?

Majibu ya maswali hayo yatakutajia kazi bila yeye kuomba. Namna ya kuingia nayo ina uzito. Piga hodi ungoje karibu, hata kama mlango uko wazi na unamwona. Usiharakishe salamu: mwamkie shikamoo, mwulize habari za usiku, za watoto walioko mbali, za shamba. Ukikuta ameketi kwenye kigoda, usimsimamie kichwani. Tafuta pa kukaa chini yake au sawa naye. Kama si wa dhehebu lako, mwamkie kwa salamu ya kwao. "Bwana Yesu asifiwe" haimpunguzii Mkatoliki kitu, wala "Tumsifu Yesu Kristo" haimpunguzii Mmoravian.

Nendeni wawili, wasizidi watatu. Kundi kubwa linamlazimu mgonjwa kuwa mwenyeji: atatuma viti kwa jirani, ataona aibu ya chai isiyotosha, na mkishaondoka atakuwa amechoka kuliko mlivyomkuta.

Fuata kalenda ya uwanda

Huduma inayokuja nje ya msimu ni nusu huduma. Uwanda wa Ufipa una mwendo wake wa mwaka, na shida za mgonjwa au mjane zinapanda na kushuka nao.

*Novemba na Desemba.* Mvua zinaanza, na kila mwenye maksai anakimbilia shamba lake. Shamba la mjane hulimwa la mwisho, wakati mvua nzuri ya kupandia imeshapita. Jumuiya yenye jozi mbili za maksai na plau ina uwezo wa kugeuza utaratibu huo: shamba la asiyejiweza liwe la kwanza, na mwenye maksai alime lake siku inayofuata. Hapo ndipo unyenyekevu unapomgharimu mtu kitu. Kumlimia mwenzako baada ya kumaliza kwako ni wema, lakini hakukugharimu chochote.

*Januari na Februari.* Palizi imefika na ghala limekwisha. Nusu siku ya jumuiya yenye majembe kumi inamaliza ekari ambayo mgonjwa peke yake angeipalilia majuma matatu. Ukipeleka chakula, peleka unga. Mahindi yanadai mtu wa kuyabeba, safari ya mashineni na hela ya kusaga, na vyote hivyo ndivyo alivyopungukiwa. Unga wa ulezi kwa uji wa mgonjwa, maharage yaliyochaguliwa mawe, na kipande cha sabuni vinatosha mfuko mmoja.

*Mvua zinapoelekea kukatika.* Huu ndio wakati wa intumba, yale matuta ya mviringo ambamo wazee wa Ufipa hufukia nyasi zioze ziwe mbolea. Aliyelazwa hospitalini wakati huu haonekani kupungukiwa, maana mazao yamo shambani. Atakayeona pengo ni yeye mwenyewe mwaka unaofuata, udongo utakapokuwa umechoka. Mkimpigia matuta sasa, mmemsaidia msimu ujao.

*Mei hadi Julai.* Mavuno. Vijana wasaidie kuvunja, kubeba na kupukuchua, kisha wasiishie hapo. Mjane mwenye deni la hospitali huuza mahindi siku yanapotoka shambani, bei ikiwa chini, na mnunuzi humjazia lumbesa, gunia lenye kilemba juu linalohesabiwa moja. Mwanajumuiya anayejua mizani aende naye siku ya kuuza. Asimsemee wala kumpokea fedha. Asimame tu karibu na mizani asome uzito kwa sauti. Kama mjane anaweza kusubiri bei ipande, msaidieni kukausha vizuri na kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasimmalizie.

*Juni na Julai* pia ni baridi. Tuko kwenye mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa asubuhi unaoshuka kutoka milima ya Mbizi humwuma hata kijana. Blanketi, soksi na sweta kuukuu lililofuliwa vina thamani kuliko fedha miezi hii. Kagueni pia namna wazee wanavyojipasha moto. Jiko la mkaa likiachwa linawaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Mfundisheni mwenye nyumba: jiko litolewe nje kabla ya kulala, kila usiku, hata kama mkaa umebaki. Kumwambia haitoshi. Katika majuma ya baridi kali, jirani apite jioni na kulitoa yeye.

*Agosti hadi Oktoba.* Kiangazi ni cha kuezeka, kuziba nyufa, kuchimba choo kipya na kurundika kuni kavu chini ya paa. Ni wakati wa karatasi pia: kitambulisho kilichopotea, taarifa za mkulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, bima ya afya iliyokwisha muda. Kijana mwenye simu na uvumilivu anayekaa na babu kwenye foleni ya ofisi ya kijiji ametoa huduma ya kweli, ingawa hakuna atakayeiimbia kwaya.

Ndani ya chumba cha mgonjwa

Kumwogesha mtu asiyeweza kuinuka kitandani ndiyo huduma inayotisha wengi, na ndiyo inayojenga au kubomoa heshima haraka kuliko zote. Jifunzeni kwa muuguzi wa zahanati au kwa mhudumu wa afya wa jamii kabla ya kujaribu. Haya ni ya msingi.

1. Aende nani? Mwanamke amwogeshe mwanamke, mwanamume amwogeshe mwanamume. Mkwe asipangiwe kazi hii hata kama ndiye anayeishi jirani. Mwulize mgonjwa jina la anayemridhia, na kama atasema "yeyote tu," mtajie majina mawili achague.

2. Andaa vyote kabla hajafunuliwa: beseni mbili, maji ya moto na ya baridi, sabuni, vitambaa viwili, taulo, khanga mbili safi, mafuta ya kupaka, nguo za kubadilisha. Ukishaanza, hutoki kutafuta kitu na kumwacha uchi na baridi ya Julai.

3. Funga mlango, watoto watoke. Pima maji kwa kiwiko chako. Mzee, na hasa mwenye kisukari, anaweza asihisi kwamba yanamwunguza.

4. Mfunike khanga mwili mzima na ufunue sehemu moja tu kwa wakati: mkono, uoshe, ukaushe, ufunike, kisha mwingine. Anza na uso, malizia na sehemu za siri kwa kitambaa kingine na maji mapya. Kama mkono wake una nguvu ya kujiosha mwenyewe sehemu hizo, mpe kitambaa ugeuke pembeni.

5. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kufanya. "Mama, sasa nakugeuza upande wa ukutani." Usizungumze na mwenzako juu ya mwili wake kana kwamba amelala.

6. Unapomgeuza, kagua nyonga, visigino, viwiko na mgongo chini. Ngozi iliyobadilika rangi isiyorudi ni mwanzo wa kidonda cha kulalia. Usiisugue. Asilalie tena upande huo, na muuguzi aitwe. Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi. Wapeni wanafamilia zamu iliyoandikwa, maana zamu za usiku ndizo zinazosahaulika.

7. Miguu mwisho. Iloweke kidogo, osha katikati ya vidole, kausha sana hapo hapo, paka mafuta. Kucha za mwenye kisukari usizikate kwa wembe, mwachie mtaalamu.

8. Ukivaa glavu kwa sababu ya kidonda au damu, mweleze: "Navaa hizi tulinde kidonda chako na mikono yangu." Ukizivaa kimya kimya, yeye atasikia neno ambalo hukulisema.

Dawa ni za hospitali. Msimamie ameze kwa saa yake, lakini usimletee vidonge vilivyobaki nyumbani kwako, wala usimshawishi aache dozi kwa sababu ameombewa. Atiman alifundisha katekisimu na kutoa dawa kwa mkono ule ule, na hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Kama mgonjwa ni Mkatoliki, mjulisheni paroko mapema kwa ajili ya Komunyo na Mpako Mtakatifu, msingoje afikie kutomtambua mtu.

Msibani, na baada ya msiba

Siku za msiba jumuiya hujitokeza zenyewe: kuchota maji, kupika, kukesha, kuchimba kaburi. Angalieni mawili tu. Kwanza, rambirambi. Desturi ya kusoma majina na viwango kwa sauti inamwumiza mwenye shilingi elfu moja na kumvimbisha mwenye laki. Jumuiya yenu inaweza kukubaliana kusoma jumla peke yake na kumkabidhi mfiwa daftari lake asome kwa wakati wake. Pili, kazi za jikoni na sufuria zisiachiwe wanawake wale wale wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, kila msiba. Mwenyekiti na wazee wa UWAKA, chama cha wanaume, washike masufuria siku moja, wasugue masizi mbele ya vijana. Mafundisho hayo hayahitaji maikrofoni.

Kazi kubwa inaanza turubai likishakunjwa. Ndugu wa Mbeya na Mpanda wamepanda mabasi, na mjane amebaki na vyombo vya kurudisha, madeni, na usiku mrefu. Andikeni kwenye daftari juma la pili, mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu. Juma la pili nendeni mkarudishe vyombo. Mwezi wa kwanza mwulizeni habari za mali na watoto, na kama shemeji wameanza kugawana vitu, msindikizeni kwa mtendaji wa kata au kwa msaada wa kisheria kabla mambo hayajaharibika. Mwezi wa tatu nendeni mkae tu, mmsikilize akimtaja marehemu. Wakati huo karibu kila mtu mwingine ameshaacha kumtaja.

Fedha, simu na ulimi

Fedha zihesabiwe na watu wawili, ziandikwe, zikabidhiwe bila mashahidi. Mkono kwa mkono, kwenye bahasha, baada ya salamu na kabla ya sala, ili sala isionekane kuwa risiti. Pale inapowezekana, lipeni mahali deni lilipo: duka la dawa, mashine ya kusaga, ada ya mtihani. Msimkopeshe mgonjwa mkiita msaada. Akikopa, ni mkopo, akipewa, imekwisha.

Simu ibaki mfukoni. Picha ya mzee akipokea kilo mbili za sukari kutoka kwa watu saba wanaotabasamu inasambaa kwenye makundi ya WhatsApp hadi kwa watoto wake walioko Dar es Salaam, na wao wataisoma kama tangazo kwamba wamemtelekeza baba yao. Jumuiya ikihitaji taarifa kwa parokia, andikeni: "Wagonjwa waliotembelewa ni wanne." Inatosha.

Ulimi ndio mgumu. Ukiingia chumbani utaona yasiyoonekana barazani: kadi ya kliniki, shuka lenye doa, chupa ya gongo uvunguni, ugomvi wa mke na mkwe. Ulichokiona ukihudumia hukukiona. Hata kukiweka kwenye nia za maombi, "tumwombee ndugu yetu kwa lile tatizo lake," ni kukitangaza kwa magoti. Yupo wa kuambiwa kwa sababu moja tu: kama kuna mtoto, mzee au mwanamke anayepigwa au kuumizwa. Hapo siri inakwisha, na ofisi ya ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi ndipo pa kwenda.

Nyumba inayoepukwa

Sumbawanga imebebeshwa na nchi nzima sifa ya uchawi, hata msafiri wa kutoka huku hutaniwa akifika Dar es Salaam. Utani huo una gharama hapa nyumbani. Karibu kila kitongoji kina nyumba ambayo watoto wanakatazwa kupita, na mara nyingi mwenye nyumba ni bibi mzee, mjane, mwenye macho mekundu. Macho hayo yameharibiwa na moshi wa kuni wa miaka sitini jikoni. Waumini wenzake wanajua hivyo, lakini daftari la jumuiya linamruka.

Hapo ndipo pa kuanzia. Nendeni mchana, wawili, mkionekana. Akiwapa uji, nyweni mmalize, kwa sababu kijiji kizima kitauliza kama mlikunywa. Zibeni paa, na kama kuna fedha, kinga ya macho ya kwanza ni jiko banifu lenye bomba la moshi. Mleteni kwenye ibada mkiwa mmemshika mkono na mkae naye benchi moja. Mkisikia maneno ya vitisho juu yake, mwenyekiti wa mtaa au kijiji na polisi waambiwe siku hiyo hiyo. Wazee wameuawa katika nchi yetu kwa tuhuma za namna hii, na kila mara kulikuwa na majirani waliosikia maneno kabla.

Zamu yako ya kuhudumiwa

Katika sura ya 13 ya Injili ya Yohana, Yesu anavua vazi, anajifunga kitambaa, anamimina maji. Wanafunzi wananyamaza, isipokuwa Petro, anayekataa kuoshwa. Wengi wetu ni Petro. Tunajua kubeba maji ya wengine, lakini tukiugua tunafunga mlango na kusema tunaendelea vizuri. Wasabato wana desturi yenye busara hapa: katika huduma ya unyenyekevu inayotangulia Meza ya Bwana, waumini huoshana miguu wawili wawili, na kila mmoja huosha na kuoshwa. Katika ibada ya Alhamisi Kuu ya Wakatoliki, padre huosha wachache waliochaguliwa, na tangu mwaka 2016 Papa Fransisko alipobadili kanuni, wanawake nao wanaweza kuwa miongoni mwao. Aliyewahi kukaa pale mbele na soksi mkononi anajua kwamba kunyoosha mguu ni kugumu kuliko kushika beseni.

Kwa hiyo mjane uliyempalilia akikuletea kisahani cha maharage, pokea kwa mikono miwili, usiseme "ungebaki nayo tu, mama." Ukiyakataa, umemwambia kwamba yeye ni wa kupokea siku zote. Mgonjwa asiyeweza kutembea anaweza kusimamia rozari, kuwafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu hadithi za zamani, kutunza daftari lenyewe. Mpeni kazi.

Nawe usijimalize. Hakuna mtu wa zamu saba kwa juma. Anayemwuguza mama yake nyumbani usiku na mchana, hata kama hayumo daftarini kama mgonjwa, aandikwe: mpeni siku moja ya kulala, mtu mwingine akikaa na mama.

Mwezi wa kwanza

Juma la kwanza, chagueni wasimamizi wawili na nunueni daftari. Juma la pili, pitieni kaya zote za jumuiya mkiuliza maswali ya siku, mkianza na nyumba ambazo hamjawahi kuingia. Juma la tatu, chagueni watu watatu tu, wasizidi, na kwa kila mmoja mpange kazi moja yenye siku na jina la mtu: maji Jumanne na Ijumaa, kliniki tarehe 14, choo Jumamosi. Juma la nne, mwalikeni muuguzi wa zahanati aje awafundishe kugeuza na kuogesha, wanaume kwa wanawake.

Mwezi ukiisha, msimamizi awaendee wale watatu, mmoja mmoja, awaulize swali ambalo jumuiya nyingi haziliulizi: "Katika haya tunayofanya, lipi tuache?" Asitetee wala kueleza. Akiambiwa kwamba mnaimba sana asubuhi, au kwamba fulani anapekua sufuria, au kwamba angependa kuchotewa maji na mtoto wa jirani badala ya mwenyekiti, aandike hivyo hivyo, na juma linalofuata mambo yabadilike. Aliyeweza kuwaambia mrekebishe kitu, mkarekebisha, hajaona aibu mbele yenu. Ongezeni jina la nne.